Henry Royce: Fundi aliyepima pumzi ya injini

Katika karakana za boda boda mjini Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, kazi ya kwanza ya asubuhi mara nyingi huwa ileile. Pikipiki inakohoa, inatoa moshi mweusi na kula mafuta kuliko jana. Fundi anavua chujio la hewa, analikung'uta vumbi jekundu, kisha anachukua bisibisi na kugeuza skrubu ndogo ya kabureta, robo ya mzunguko, huku ametega sikio. Mlio ukitulia, anaacha. Mwenye pikipiki analipa na kurudi barabarani kutafuta abiria.

Kwa anayeishi kwa kuvusha watu na bidhaa mpakani, robo hiyo ya mzunguko ni pesa. Hewa ikizidi, injini inapata joto na kukosa nguvu mlimani. Petroli ikizidi, faida ya siku inatoka kwa bomba la moshi. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Lakini kazi ya kusawazisha hewa na petroli ni ya zamani zaidi, na miongoni mwa walioitolea jasho jingi ni Mwingereza aliyekulia katika umaskini, Frederick Henry Royce, nusu ya pili ya jina Rolls-Royce.

Wengi hulifahamu jina hilo kama alama ya anasa ya wafalme na matajiri. Maisha ya mwenye jina yalikuwa mbali na anasa. Yalikuwa maisha ya deni, njaa, ushindani wa bidhaa rahisi kutoka nje, na gari kuukuu lililovushwa kutoka nchi jirani.

Mtoto wa kinu kilichofilisika

Royce alizaliwa Machi 27, 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, akiwa mdogo wa watoto watano. Baba yake, James, aliendesha kinu cha kusaga nafaka. Biashara ikamshinda, familia ikahamia London, na mwaka 1872 baba akafariki katika nyumba ya maskini. Henry alikuwa na umri wa miaka tisa.

Kuanzia hapo mtoto huyo alijitafutia riziki. Aliuza magazeti, kisha akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi. Darasani alikaa takriban mwaka mmoja tu. Mwaka 1878 shangazi yake alijitolea kumlipia pauni 20 kwa mwaka ili awe mwanagenzi katika karakana za reli ya Great Northern mjini Peterborough. Huko alijifunza kushika tupa, kutumia mashine ya kukereza na kusoma mchoro wa ufundi. Baada ya miaka michache shangazi aliishiwa pesa, na kijana akaondoka bila kumaliza mafunzo.

Alitembea akisaka kazi hadi akapata kibarua kwa mtengeneza zana mjini Leeds, kwa ujira wa shilingi 11 kwa wiki. Kutoka hapo aliingia katika biashara mpya ya umeme, kwanza London na baadaye Liverpool, ambako kampuni yake ilikuwa ikiweka taa za barabarani. Kampuni hiyo nayo ikaporomoka. Mwaka 1884, akiwa na akiba ya pauni 20, aliungana na rafiki yake Ernest Claremont, aliyekuwa na pauni 50, wakafungua karakana katika mtaa wa Cooke, mjini Manchester.

Walianza na vitu vidogo: kengele za mlango za umeme na vishikio vya taa. Walilala juu ya karakana. Inasimuliwa kwamba chakula chao walikipika katika tanuri lilelile walilotumia kukaushia rangi za vyombo. Polepole waliingia katika dainamo na kreni za umeme, na bidhaa zao zikasifiwa kwa kudumu. Kufikia mwisho wa karne hiyo, mtoto wa kinu kilichofilisika alikuwa mwenye kiwanda.

Bidhaa rahisi zaingia sokoni

Kisha likaja jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa. Baada ya vita vya Afrika Kusini, vilivyomalizika mwaka 1902, soko la Uingereza liliingiliwa na kreni na dainamo za bei nafuu kutoka Ujerumani na Marekani. Oda za Royce zilipungua. Ilikuwepo njia ya mkato ya kupunguza ubora ili ashushe bei, lakini Royce alikataa kuifuata.

Uamuzi huo haukuleta miujiza. Hesabu za karakana ziliendelea kuwa mbaya, na yeye, aliyezoea kufanya kazi hadi usiku na kusahau kula, akaanguka kiafya. Mwaka 1902 daktari alimtaka apumzike. Alisafiri kwa meli pamoja na mkewe hadi Afrika Kusini kwa jamaa za mke na kukaa huko wiki kumi. Aliporudi alinunua gari lililokwisha kutumika, Decauville la nguvu ya farasi kumi, lililotengenezwa Ufaransa.

Gari hilo lilikuwa miongoni mwa mazuri ya wakati wake, lakini lilimchokoza. Lilipiga kelele, lilitetemeka, na umeme wake wa kuwasha moto haukutegemeka. Royce alilifungua skrubu kwa skrubu, akapima kila kipande na kuandika kila kasoro. Mwanzoni alifikiria kulirekebisha tu. Kisha akaamua kutengeneza magari yake mwenyewe, matatu, ya silinda mbili.

Kitendawili cha kabureta

Hapa ndipo alipokutana na tatizo la hewa. Injini ya petroli hufanya kazi kwa kuvuta pumzi. Pistoni inaposhuka, hewa inavutwa kupitia njia nyembamba ya kabureta. Mahali panapobana, hewa hiyo huongeza mwendo na kunyonya petroli kupitia tundu dogo, na mchanganyiko huo ndio unaoungua ndani ya silinda.

Ugumu ni kwamba hewa na petroli haviongezeki kwa kipimo kimoja. Katika kabureta sahili, injini ikienda mbio petroli hutoka kwa wingi kupita kiasi kinachotakiwa. Gari lililosawazishwa kwa mwendo wa pole lilibanwa na petroli nyingi kwenye mbio, na lililosawazishwa kwa mbio likazimika kwenye mwendo wa pole. Madereva wa zama hizo waliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye vijiti vya kurekebisha hewa. Mwaka 1902 mhandisi Mfaransa wa kampuni ya Panhard, Arthur Krebs, alionyesha njia ya kutokea: vali inayofunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, ikaingiza hewa ya ziada kadiri mwendo unavyoongezeka.

Royce hakuwa na haja ya kujifanya mvumbuzi wa kwanza. Alitumia kanuni hiyohiyo ya vali ya hewa inayojiendesha, lakini akaitengeneza kwa usahihi wa mtu aliyezoea kazi ya umeme. Sehemu zilichongwa kwa kipimo kikali zaidi ya kilichozoeleka katika magari, zikajaribiwa, zikatupwa na kuchongwa upya. Aliunda pia mfumo wake wa kugawa moto wa umeme kwenye silinda. Aprili 1, 1904 gari la kwanza liliwashwa na kutoka karakanani. Yeye mwenyewe aliliendesha hadi nyumbani kwake Knutsford, mwendo wa kilomita kama 24, nalo likafika.

Mfanyabiashara akutana na fundi

Gari zuri lisilo na mnunuzi ni chuma tu. Aliyeliona soko ni Charles Rolls, kijana wa ukoo wa malodi aliyekuwa na duka la magari jijini London. Rolls alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mipaka: aliagiza magari kutoka Ufaransa na Ubelgiji na kuwauzia Waingereza. Kilichomkera ni kwamba hakupata gari la nyumbani lenye hadhi ya kushindana na hayo ya nje.

Mei 4, 1904 Rolls alipanda treni hadi Manchester na kukutana na Royce katika hoteli ya Midland. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 26, amesoma Cambridge. Mwingine alikuwa na miaka 41 na mikono ya mafuta. Rolls hakuzipenda injini za silinda mbili kwa sababu ya mtetemo. Alipoendeshwa katika gari la Royce alibadili mawazo siku hiyohiyo. Kufikia Desemba walikuwa wametia saini mkataba: Rolls angeuza magari yote ambayo Royce angeweza kutengeneza, na magari hayo yangebeba majina yao mawili. Kampuni ya Rolls-Royce iliandikishwa rasmi Machi 1906, na mwaka huohuo Rolls akashinda mashindano ya Tourist Trophy katika kisiwa cha Man akiwa na gari la kampuni.

Mtu wa tatu, Claude Johnson, ndiye aliyejua namna ya kuugeuza ubora kuwa sifa. Mwishoni mwa 1906 kampuni ilionyesha gari jipya la silinda sita, lenye injini ya zaidi ya lita saba. Mwaka uliofuata gari moja la aina hiyo lilipakwa rangi ya fedha, likapewa jina Silver Ghost na kupelekwa barabarani kwa jaribio la hadharani. Wasimamizi walikuwa maofisa wa klabu ya magari ya Uingereza, RAC, wala si kampuni yenyewe.

Maili 15,000 mbele ya mashahidi

Masharti yalikuwa mazito. Gari lingeenda na kurudi kati ya London na Glasgow, usiku na mchana isipokuwa Jumapili, hadi litimize maili 15,000, sawa na kilomita 24,000 hivi. Kila kusimama bila kupangwa kungeandikwa.

Baada ya maili 629 gari lilizimika. Injini ilikuwa nzima. Mtikiso wa barabara ulikuwa umekifunga kibomba kidogo cha petroli, na njia ya mafuta ikaziba. Kilifunguliwa, injini ikawashwa, na gari likaendelea. Halikusimama tena kwa hitilafu yoyote hadi mwisho: maili 14,371 mfululizo, zaidi ya kilomita 23,000. Kisha wasimamizi walilifungua lote na kupima uchakavu. Vipuri vilivyohitajika ili lirudi kuwa kama jipya viligharimu pauni mbili na ushei.

Royce angeweza kufurahia rekodi na kukisahau kibomba. Lakini kwake kibomba hicho ndicho kilichokuwa habari. Kitu cha senti chache kilikuwa kimeisimamisha mashine ya mamia ya pauni. Katika kiwanda kipya cha Derby, kilichofunguliwa mwaka 1908, kutikisa vitu hadi vivunjike kulifanywa kazi rasmi. Chesisi zilifungwa juu ya mtambo wa kuzirusha na kuzibamiza, ili kasoro ijitokeze kiwandani kabla haijamkuta mteja njiani.

Mwaka 1911 lilikuja jaribio lililogusa pumzi ya injini moja kwa moja. Kampuni hasimu, Napier, ilikuwa imeendesha gari lake kutoka London hadi Edinburgh likiwa kwenye gia ya juu muda wote. Rolls-Royce ilijibu kwa gari lililokuwa na kabureta kubwa zaidi na mgandamizo ulioongezwa kidogo ndani ya silinda. Dereva alikuwa Ernest Hives, mkuu wa majaribio wa baadaye. Gari hilo lilitoka London hadi Edinburgh na kurudi kwenye gia ya juu pekee, likatumia galoni moja kwa kila maili 24.32, yaani kilomita kama nane na nusu kwa lita. Baada ya hapo lilipelekwa katika uwanja wa Brooklands na kufikia kilomita 126 kwa saa.

Thamani ya jaribio ilikuwa katika kuunganisha mambo hayo mawili. Kabureta inayobana petroli kwa kawaida hunyima gari mbio, na inayotoa mbio humaliza tangi. Pia gia ya juu kwenye mwendo wa pole ndiyo hali inayoifichua haraka kabureta mbovu, kwa sababu mvuto wa hewa ni dhaifu na injini iko tayari kuzimika. Gari hilohilo moja lilikuwa limebana matumizi, likatambaa na pia likakimbia. Wateja wakaanza kuagiza magari ya mtindo huo.

Magari ya kifahari yafika Taveta

Historia ya magari hayo haikubaki Ulaya. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, chesisi ya Silver Ghost ilivishwa mabamba ya chuma na bunduki ya rashasha, ikawa gari la deraya. Jeshi la majini la Uingereza liliunda vikosi sita vya magari 12 kila kimoja, na kikosi kimoja kililetwa Afrika kupigana katika makoloni ya Wajerumani. Baada ya Namibia ya leo, magari ya deraya ya Rolls-Royce yalifika mwanzoni mwa 1916 katika uwanda wa Taita na Taveta, ambako Jenerali Smuts alikuwa akijiandaa kuwasukuma Wajerumani kutoka mlango wa Kilimanjaro. Leo malori ya biashara hupita hapohapo, kati ya Taveta na Holili.

Huko injini zilikutana na vumbi na joto ambavyo barabara ya Glasgow haikuwa navyo. Kisha mvua za masika zikashuka na barabara zikageuka matope. Pale gari, hata la kifahari, liliposhindwa, mzigo ulihamia vichwani mwa watu. Jeshi la wapagazi lilikusanya Waafrika kwa wingi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na lishe duni. Jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi ndilo lililobaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, soko ambalo wafanyabiashara wengi wa mipakani hulifahamu kwa bidhaa zake. Ni vigumu kuisimulia sifa ya mashine hizo katika ukanda huu bila kuwataja waliobeba zilipokwama.

Kitanda kikawa ofisi

Royce hakuyaona hayo kwa macho. Rolls alikuwa amekufa Julai 12, 1910 ndege yake ilipoanguka mjini Bournemouth. Mwaka uliofuata Royce aliugua sana, na mwaka 1912 akafanyiwa upasuaji mkubwa. Madaktari walidhani amebakiwa na miezi tu. Aliishi miaka 21 zaidi, lakini si kiwandani. Claude Johnson alimjengea makao Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, na wakati mwingine aliishi pwani ya Uingereza, hatimaye katika kijiji cha West Wittering, huku muuguzi Ethel Aubin akimtunza. Ndoa yake ilikuwa imebaki jina tu.

Kutoka huko aliendesha ufundi wa kampuni kwa barua na michoro. Vipuri vilipelekwa kwake avikague, wachoraji waliishi karibu naye, na magari ya majaribio yalikimbizwa maelfu ya kilomita katika barabara mbaya za Ufaransa kabla muundo haujakubaliwa. Wafanyakazi walizihofia barua zake, kwa sababu hazikuacha tundu wala nati. Mtu aliyejinyima chakula na usingizi ujanani sasa alipimiwa chakula na saa za kazi na muuguzi. Bei ya ubora aliilipa kwa mwili wake.

Wakati wa vita serikali ilihitaji injini za ndege. Ya kwanza ya Royce, Eagle, iliwashwa mwaka 1915 ikiwa na nguvu ya farasi takriban 225. Kufikia mwisho wa vita ilikuwa imepandishwa hadi takriban 360 bila kuongeza ukubwa wa silinda. Juni 1919 Alcock na Brown walivuka Bahari ya Atlantiki bila kutua wakiwa katika ndege ya Vickers Vimy yenye Eagle mbili.

Februari 1920 ndege ya aina hiyo, Silver Queen II ya Waafrika Kusini van Ryneveld na Brand, ilitua Kisumu, saa chache tu kwa barabara kutoka Busia, ikiwa njiani kuelekea Cape. Vimy nyingine, iliyokodiwa na gazeti la The Times, ilianguka ikiruka Tabora mwezi huohuo, na Silver Queen II nayo ikaangukia Bulawayo Machi. Marubani wa Silver Queen II walilazimika kumalizia safari kwa ndege nyingine. Tabora na Bulawayo ziko juu sana kutoka usawa wa bahari na zina joto. Katika hewa kama hiyo, bawa hupata kidogo cha kushikilia na injini hupata kidogo cha kuvuta.

Ni somo ambalo dereva wa lori wa njia ya kaskazini hulisoma kila safari. Akitoka Mombasa, usawa wa bahari, hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ndipo ateremke kuelekea Malaba na Tororo kwenye mita 1,200 hivi. Pale juu shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya robo. Injini isiyosaidiwa huvuta hewa hafifu, na ile ya kabureta huendelea kunyonya petroli kwa kipimo cha pwani. Hapo ndipo moshi mweusi hutokea.

Kuilazimisha hewa

Jibu la wahandisi lilikuwa kuacha kuingojea hewa na kuanza kuisukuma. Mwaka 1929 Royce na timu yake walitengeneza injini iliyoitwa R kwa ajili ya mashindano ya ndege za majini ya Schneider. Inasimuliwa kwamba wazo la kwanza alilichora kwa fimbo mchangani, ufuoni West Wittering. Injini hiyo ya lita karibu 37 ilikuwa na feni kubwa ya kushindilia hewa ndani ya silinda, kazi iliyosimamiwa na mtaalamu James Ellor.

Majaribio ya kwanza Derby yalitoa farasi 1,545. Injini ilipasuka, ikafunguliwa, ikaimarishwa na kuwashwa tena, mji mzima ukisikia ngurumo. Ilipofika mashindano ya 1929 ilikuwa na farasi 1,900 na ikashinda. Mwaka 1931 ilifikisha 2,350. Uingereza ikatwaa kombe moja kwa moja, na siku chache baadaye ndege ya Supermarine yenye injini hiyo ikawa ya kwanza kuvuka maili 400 kwa saa. Turbo inayopiga mluzi kwenye lori linalopanda Timboroa leo inafanya kazi ileile, ingawa yenyewe huzungushwa na moshi wa injini.

Mwaka 1930 Royce alipewa cheo cha ubaroneti. Alifariki West Wittering Aprili 22, 1933, akiwa na umri wa miaka 70. Inaelezwa kwamba hata katika siku yake ya mwisho alichora kitandani kifaa cha kurekebisha shokamzoba, na mchoro ukafika kiwandani mwenyewe ameshafariki. Miezi sita baadaye ikawashwa kwa mara ya kwanza injini iliyokuja kuitwa Merlin, iliyobeba ndege za Spitfire katika Vita vya Pili vya Dunia. Majivu yake yamezikwa katika kanisa la Alwalton, kijiji ambacho kinu cha baba yake kilifilisika.

Silver Ghost na magari ya ukoo wake yaliyotengenezwa hadi 1926 yalikuwa 7,874 tu, idadi ambayo kiwanda kikubwa cha pikipiki cha leo huizidi kwa siku chache. Sehemu kubwa ya aliyoyatengeneza Royce haikuwa wazo lake la kwanza. Gari alilolifungua lilikuwa la Kifaransa, vali ya hewa Krebs aliitangulia, na mteja aliletwa na Rolls. Chake kilikuwa kupima, kuvunja, kupima tena, na kukubali kupimwa na watu wengine hadharani. Kreni zake zilishindwa na bei za nje kwa sababu mnunuzi aliona bei tu. Magari yake yalishinda kwa sababu mnunuzi alionyeshwa hesabu: maili, lita na pauni mbili za vipuri.

Mpakani Busia, fundi anarudisha chujio la hewa mahali pake na kukaza skrubu. Mteja hawezi kuona alichofanya ndani ya kabureta. Atakijua jioni, atakapohesabu mafuta yaliyobaki na pesa zilizoingia, na kesho atajua ni karakana ipi ya kurudia.